Mjomba Ukutani

Niliziba matundu. Nalisema hapa mwanzoni ili nisije nikalizungukazunguka kama tunavyofanya kwenye insha, ukurasa mzima wa hali ya hewa kabla mtu hajafanya lolote. Projekta ilikuwa na matundu kumi na sita juu na mengine tumboni, na mimi kwa mikono yangu hii, na udongo wa kichuguu, niliyaziba yote. Ya juu niliambiwa niyazibe. Ya chini niliyaziba kwa bidii yangu mwenyewe, maana watu walikuwa wananitazama na nilitaka nionekane fundi.

Projekta ile, kwa asiyeijua, ni sanduku la bati lenye taa kali ndani na kioo kinene mbele. Katikati unachomeka slaidi, yaani kipande cha filamu kilichobanwa kwenye fremu ya karatasi ngumu, kidogo kama kiberiti, na ukutani inatokea picha kubwa kuliko mlango. Aliileta kijijini kwetu mwalimu wa elimu ya watu wazima, mtu wa Bukoba aliyevaa soksi hata mchana wa jua kali. Ilikuja na betri ya gari ya kuiwashia, na slaidi ishirini na nne za choo bora.

Mimi ndiye niliyekuwa mbeba betri. Nilijitolea mbele ya shule nzima, nikasifiwa mstarini kwa moyo wa kujitegemea, na hakuna aliyegundua kwamba siku hiyo darasa letu lilikuwa na zamu ya kupalilia shamba la shule.

Maonyesho yalifanyika darasani, jioni, jua lilipokwisha kuzama. Madirisha yalifunikwa magunia, kwa sababu vita vya ng'ambo ya Ruvuma vilikuwa havijaisha na ndege za Wareno zilikuwa zikipita juu yetu zinavyotaka, na mgambo walikataza mtu kuonyesha mwanga nje baada ya magharibi. Hata kupuliza moto wa jikoni ulikuwa unapuliza kwa heshima. Kijiji kizima kilijazana mle ndani, jasho, watoto, mashuka ya kufunika wagonjwa waliotaka nao waone. Mwalimu akaanza. Choo kibaya. Choo kizuri. Nzi mkubwa kama mbuzi, akalia mtoto mmoja. Halafu ikaja picha ya mtu ananawa mikono kwa birika, maji yanachuruzika mpaka chini na yeye anacheka tu. Sisi wa Newala tunateremka bondeni kufuata maji. Unaondoka alfajiri, unarudi jua liko kichwani na ndoo moja, nusu umeimwaga njiani. Wanawake waliguna wote kwa pamoja. Bibi mmoja akauliza kama yule mtu hana mama.

Kwenye slaidi ya kumi hivi akaingia kamanda wa mgambo. Alisema mwanga unatoka. Tukatazama juu, kweli, yale matundu ya mashine yalikuwa yanarusha vidoti vya mwanga kwenye makuti, na makuti yetu yalikuwa na nafasi za kutosha kupitisha mwezi. Kamanda akasema ama tuzibe ama tulale. Mwalimu akashikwa na wasiwasi, akatazama huku na huku, na mimi nikawa nimeshatoka nje kufuata udongo.

Niliyaziba vizuri. Wallahi, kazi safi, nilipiga na lipu kwa kidole. Nilidhani matundu yale ni urembo tu, kama yale ya redio ambayo nilidhani yapo ili mtangazaji apate hewa. Ndani kulikuwa na feni ndogo iliyokuwa inavuma tangu mwanzo. Nilipomaliza kuziba ya chini sauti yake ikabadilika, ikawa kama mbu aliyenaswa kwenye chupa. Nikasema, ona, imetulia.

Slaidi ya kumi na saba ilikuwa ya kambi ya wakimbizi karibu na Ruvuma. Wanaume wanachimba shimo la choo, mmoja yuko ndani ya shimo, wawili wana majembe, na nyuma yao, pembeni, kijana amesimama na kamba begani, anacheka. Mama yangu alikuwa amekaa chini mbele kabisa. Akasimama. Kivuli cha kichwa chake kikawafunika wachimba choo, watu wakamwambia akae, hakukaa.

"Mdogo wangu," akasema. "Yule ni mdogo wangu."

Basi, wakati huohuo ikaja harufu ya nywele zinazoungua. Moshi ukafoka kwenye kioo cha mbele, picha ukutani ikapata doa la kahawia pembeni, doa likatembea, taa ikazimika. Mtu mmoja nyuma akasema ndege. Sijui nani. Hakuna aliyengoja kujua. Walitokea mlangoni, walitokea madirishani pamoja na magunia, mwalimu alipoteza soksi moja na kiatu chake. Mimi nilicheka. Nalisema hilo pia. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipokaa ndipo nikaona kwenye giza kwamba mama hajatoka. Amesimama palepale, ameutazama ukuta.

Niseme kuhusu mjomba. Ni mdogo wake mama, wa mwisho, na mama ndiye aliyemlea kwa sababu bibi alikufa yeye akiwa bado mvulana. Miaka minne kabla ya usiku ule alivuka mto kwenda kuwabebea mizigo wapigania uhuru, dawa na chumvi, kichwani, siku nyingi kwenda na siku nyingi kurudi. Safari tatu alirudi, mwembamba, na hadithi za uongo ambazo mimi ndiye niliyezirithi. Safari ya nne hakurudi. Hakuna aliyekuja kutuambia amekufa na hakuna aliyekuja kutuambia yu hai. Na kwetu mjomba ndiye mwenye watoto. Baba atakulisha na kukuchapa, na babangu mimi hata hivyo alikuwa kibarua wa mkonge huko Lindi, alinichapa kwa barua. Lakini likija jambo zito la ukoo watu wanauliza, mjomba wao anasemaje? Sisi tukiulizwa tulikuwa tunatazama chini.

Asubuhi yake mama alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, nami nyuma yake. Alitaka barua. Kule mpakani mtu haendi hivihivi, ukikutwa njiani bila barua unaweza kuulizwa wewe ni nani mpaka usahau. Alitaka barua isemayo kwamba ana ndugu yake kambini na anakwenda kumtazama. Balozi alikuwa mtu mwema, mwoga kidogo. Alikuna kichwa. Alisema hata yeye aliona kijana, ndiyo, lakini kwa muda gani? Kufumba na kufumbua. Na picha yenyewe ilikuwa hafifu, na watu wanapiga kelele.

"Siwezi kuandika barua ya serikali juu ya moshi, mama," akamwambia. "Nikimwona vizuri, naandika siku hiyohiyo. Kalamu hii hapa."

Mwalimu alituletea ile slaidi. Ilikuwa imekunjamana upande mmoja na imekuwa kahawia kama ganda la korosho, lakini upande wa yule kijana ulikuwa mzima. Mama aliinyanyua akaitazama kwenye jua. Nami nikatazama. Yule kijana mzima, na kamba yake, alikuwa mdogo kama sisimizi, na uso wake ulikuwa punje ya ufuta. Tukaazima miwani ya mwalimu, ufuta ukawa mtama. Huwezi kumjua mtu kwa mtama. Mwalimu alisema hizi picha zimetengenezwa mbali sana, kuomba nyingine ni kumwandikia mtu ambaye atamwandikia mtu. Na mwisho wa mwezi Landrova ya wilaya itakuja kuchukua kila kitu, mashine, slaidi na yeye mwenyewe kama watakuwa na hasira.

Kwa hiyo ilibaki mashine. Ipone ndani ya wiki tatu, mama amwone mdogo wake ukutani mbele ya balozi, barua iandikwe. Isipopona, basi.

Mama hakunipiga. Nilimngojea anipige, hata nikavaa kaptura mbili. Aliniambia tu, "Umeziba wewe. Utazibua wewe." Kisha akaenda zake, na nikamsikia nyuma ya nyumba anaimba wakati anatwanga. Sikuwa nimemsikia akiimba miaka minne. Kaptura mbili zile zilinipa joto la bure.

Mwalimu aliandika cheti shuleni kwamba naumwa. Ilikuwa mara ya kwanza cheti changu cha ugonjwa kuandikwa na mtu mwingine. Nikapanda juu ya magunia kwenye lori la korosho linaloelekea Masasi, projekta nimeifunga kwenye shuka, nimeipakata kama mtoto mchanga, na betri katikati ya miguu. Wenzangu juu ya lori waliniuliza ni maiti ya nani. Nikawaambia ni choo.

Fundi niliyeelekezwa na mwalimu alikuwa anatengeneza redio kwenye kibaraza cha fundi cherehani, karibu na njia kuu. Alikuwa mtu wa ng'ambo, mkimbizi, Mmakonde kama sisi ila Kiswahili chake kilikuwa kinapita kwenye Kireno kwanza. Mkono wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akafungua sanduku kwa bisibisi. Udongo ulikuwa umeungua ndani ya matundu ukawa mwekundu, mgumu. Alidondosha kipande kimoja mezani kikalia. Akasema hii kazi ya tofali ni nzuri, nani amefanya? Nikamwambia mgambo mmoja. Akanitazama kucha, zilizokuwa bado na udongo.

Nilikaa naye siku tano. Nililala kwenye kibaraza kilekile, na mchana nilimshikia vitu. Kwanza aliniambia habari iliyonifurahisha kwa saa nzima: mashine ilikuwa inakufa hata kabla yangu. Feni ilikuwa imekauka grisi, vumbi la miaka limeganda kwenye mapanga yake kama manyoya. Ilikuwa inavuma sana na kupuliza kidogo, kama watu fulani wa mikutano. Mimi nimeimalizia tu. Halafu akaniambia habari ya pili. Kati ya taa na slaidi kulikuwa na kioo maalumu cha kukinga joto, na kile kilikuwa kimepasuka vipande vitatu. Bila kioo kile slaidi yoyote inakuwa inakaangwa.

"Unajua taa inatoa nini?" akaniuliza.

Nikasema mwanga.

"Mwanga ni chenji. Inatoa joto. Sasa joto hulizuii. Unalitengenezea njia, linaondoka. Ukilinyima njia linakaa na wewe."

Tulianza kulitengenezea njia. Nilizibua matundu yote kwa msumari, moja moja, ya juu na ya chini, na kila moja nililokuwa nazibua alikuwa akinitazama kucha tena. Feni ilikuwa haifai, waya zake zilikuwa zimeungua zikashikana. Tulizunguka gereji za Masasi tukitafuta nyingine, tukaipata ndani ya Landrova mbovu iliyokuwa imegeuzwa banda la kuku. Ilikuwa feni ya hita. Fundi alinieleza hita ni nini, ikabidi anieleze mara mbili, sikuamini. Wazungu walileta Masasi gari lenye mashine ya kumpulizia dereva joto. Masasi. Nilicheka mpaka kuku wakatoka. Feni ile ilikuwa haijawahi kufanya kazi hata siku moja tangu ije, kwa sababu nani angeiwasha, kwa hiyo ilikuwa mpya kabisa.

Kisha mfuniko wa sufuria. Aliukata vipande vyembamba, akavikunja, akavibana kwenye shina la taa vikasimama kama miiba ya nungunungu. Alisema joto linapanda kwenye shina, linatawanyika kwenye vile vipande, na upepo wa feni ukipita unalizoa. Bati la nje tukalipaka masizi likawa jeusi, alisema jeusi linaachia joto upesi kuliko linalong'aa. Nikamwambia basi mimi niko salama. Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza, akiwa na msumari mdomoni.

Lililonikaa moyoni ni matundu. Nilimwuliza, sasa mgambo wakija tena? Akachukua kipande cha bati, akakikunja kama kona ya nyumba, akakifunga juu ya matundu lakini si kwa kuyagusa, ameacha nafasi ya kidole. Akawasha. Nikainama kila upande, sikuona mwanga. Nikaweka mkono, upepo wa moto ukanipiga kiganjani.

"Upepo unapinda kona," akasema. "Mwanga haujui kupinda."

Nilikaa pale nikafikiri. Kipande cha bati. Kwenye maonyesho yale kulikuwa na vipande vya bati vingapi? Paa la ofisi ya kijiji lilikuwa na vya kutosha. Mimi nikafuata kichuguu.

Kioo cha kukinga joto hakikupatikana Masasi nzima. Fundi alikata vioo viwili vya dirisha, akaweka mpira wa tairi la baiskeli katikati kuzunguka kingo, akabana na nati, akaacha tundu juu. Lilikuwa kama chupa bapa sana. Akalijaza maji na kulisimamisha mbele ya taa. Maji yanameza joto na kuacha mwanga upite, alisema, lakini yawe safi kama machozi, maana uchafu wowote utaonekana ukutani mkubwa kama ng'ombe. Na nisiyaamini muda wote. Nikiona vipovu vinaanza kupanda, nizime.

Tuliijaribu kwa slaidi ya choo kibaya, ndani ya chumba cha fundi cherehani, mchana, mlango umefungwa. Choo kilikaa ukutani dakika ishirini. Hakikukunja hata kona. Niliweka mkono juu ya sanduku, joto la kawaida, kama kikombe cha chai. Nikamwambia fundi atoe ile ya mjomba tuijaribu kidogo. Akakataa. Alisema ile imeshaungua nusu, filamu ikishaungua haina nguvu, itakaa dakika mbili, labda tatu, na dakika hizo ni za mama yangu. Nikamwambia yeye pia ni mtu wa ng'ambo, pengine mle kuna anayemjua. Akaifunga ile slaidi kwenye karatasi akanirudishia. Akasema tangu aje huku ameshawaona watu wake wote, kila picha anayoonyeshwa wamo, hata kwenye gazeti waliwahi kuwemo kwenye timu ya mpira. Nikadhani ni mzaha, nikacheka. Hakucheka.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mama ametengeneza mzigo. Unga wa muhogo, korosho za kukaanga, shati. Shati alilishona mwenyewe kwa mkono, kwa kukisia, na amelifanya pana kwa sababu alisema huko watakuwa wanamlisha vibaya lakini akirudi atanenepa. Majirani walikuwa wameanza kumpa na wao salamu za kupeleka. Alikuwa anasema mjomba wenu akija atazungumza na babenu kuhusu mkonge, mjomba wenu akija ataezeka upande huu. Nyumba yetu yenyewe ilikuwa mpya, tulihamishwa pamoja na wengine kusogezwa barabarani, na hilo pia lilikuwa linamsumbua. Alisema akifika ataelekea kule kwa zamani, atakuta magofu, atadhani tumekufa.

Mgambo walikuwa wamepiga marufuku maonyesho ya jioni. Kamanda alisema hata mashine ikiwa imebatizwa. Kwa hiyo tukafanya mchana, kwenye ghala la korosho la ushirika, ambalo halina dirisha hata moja. Mlango ukifungwa ni giza. Ni moto pia, paa la bati, jua la saa saba, na mafuta ya maganda yanavyonuka mpaka macho yanawasha. Landrova ilikuwa inatarajiwa kesho yake.

Maji ya kile kioo aliyateka mama. Aliteremka bondeni alfajiri, akayachemsha, akayachuja kwa kanga mara tatu, na aliponipa kikombe nilitafuta kitu cha kuchekesha cha kusema nikakikosa. Niliyamimina taratibu. Sikumwaga hata tone.

Tulikuwa watu wachache. Mama, balozi na karatasi yake na kalamu, mwalimu, wanawake watatu wa jirani. Niliinua mashine juu ya matofali mawili ili tumbo lipate hewa, kama fundi alivyosema. Nikawasha. Feni ya hita ikavuma vizuri. Nikangoja, nikapapasa bati, sawa. Maji, sawa. Nikachomeka slaidi.

Ukuta wa ghala ulikuwa umepakwa chokaa, na taa safari hii ilikuwa inawaka sawasawa, haina vumbi, haina moshi. Wachimba choo walikuwa wamemezwa na doa la kahawia, lakini yeye alikuwa pale, mrefu kuliko alivyokuwa mlangoni kwetu, kamba begani, anacheka. Unaona hata nyuzi za kamba. Unaona jasho. Wanawake walianza kulia mara moja, wakasema ndiye, jamani ndiye, ona bega lile. Mwalimu alivua miwani akaifuta. Balozi alisogea mbele, akatazama, akasogea nyuma, akatazama.

"Ndiye," akasema. "Kijana wetu huyu. Naandika." Akaweka karatasi juu ya gunia akaanza kuandika.

Mimi sikuwa natazama uso. Nilikuwa natazama maji, natafuta vipovu. Dakika ya kwanza ikapita, maji yametulia. Filamu haikujikunja. Kila kitu tulichotengeneza kilikuwa kinafanya kazi, na nilisikia fahari kifuani, kubwa, ya kipumbavu. Nilitamani fundi angekuwapo aone. Ndipo nikainua macho.

Mama alikuwa amekwenda mpaka ukutani. Safari hii hakuna aliyemwambia akae. Alisimama pembeni asimzibe, akainua mkono, akaupitisha shavuni kwa yule kijana, na mwanga ukawa unapita juu ya vidole vyake. Nikaona anachokigusa. Shavuni kulikuwa na nembo, zile chale za zamani, mistari iliyopindana kama mgongo wa samaki, shavu hili na shavu hili. Kwenye darasa, kwenye moshi, hazikuwa zimeonekana. Kwenye ufuta zisingeonekana. Sasa zilikuwa kubwa kama mkono wangu.

Mjomba hakuchanjwa. Hiyo tunaijua nyumbani wote. Kaka yao mkubwa alichanjwa, kidonda kikaoza, akafa, na mtaalamu wa chale alipokuja mwaka wa zamu ya mjomba, bibi alimficha kwenye kihenge cha mtama. Mjomba alikuwa na mashavu laini kama ya msichana, na alitukanwa kwa hayo maisha yake yote.

Nilimtazama mwalimu. Yeye ni mtu wa Bukoba, angejuaje. Nilimtazama balozi, alikuwa ameinama anaandika, na wale wanawake walikuwa bado wanasema ndiye. Labda waliona na labda hawakutaka kuona. Kama mama angenyamaza, barua ilikuwa imeshafika mstari wa tatu. Angekwenda. Angepata walau safari. Nilikuwa namwomba moyoni anyamaze.

Kwenye maji kikapanda kipovu kimoja, kidogo. Halafu kingine.

Mama aliondoa mkono ukutani. Aliufuta kwenye kanga kama mtu aliyetoka kukanda unga. Hakumtazama balozi wala mwalimu. Alinigeukia mimi niliyeshika mashine, na alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuniambia nifunge mlango wa kuku:

"Siye. Zima, mwanangu, usije ukamuunguza mtoto wa watu."